Fizi Zangu na Basi la Mbeya

Dawa ya kifafa ilinipa mwaka mzima bila kuanguka, halafu ikanificha meno. Fizi zilivimba, zikapanda taratibu mpaka meno ya mbele yakabaki ncha tu, na nikipiga mswaki damu inatoka. Na mimi kazi yangu ni kuuza nyanya barabarani, Ilula. Basi likisimama lazima ukimbilie dirishani, ucheke na abiria, umwite huyu mama, yule bosi. Nani anunue nyanya kwa mtu aliyefumba mdomo?

Jirani yangu wa biashara, mama mmoja mwenye maneno makali, alinitania kila siku. "Wewe, hiyo nyama mdomoni utaimeza lini?" Wenzake wanacheka. Nilimchukia yule mama, acha tu.

Basi nikafanya ujinga. Kliniki walishaniambia fizi ni kwa sababu ya dawa, wakanionya nisiiache ghafla, nirudi wanibadilishie. Sikurudi. Niliiacha kimyakimya, nikasema zikinywea nitaanza tena. Siku ya nne nikajitazama kwenye kioo, nikaona kama zimepungua. Kumbe macho yangu tu.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, basi la Mbeya likapunguza mwendo. Nikabeba ndoo, nikakimbia. Katikati ya mbio nikasikia harufu ya nywele zinazoungua, mkono wa kushoto ukaanza kucheza. Mungu wangu! Hiyo harufu naijua, huja kabla sijaanguka. Mbele yangu matairi, nyuma lori linapiga honi, na miguu haitaki kugeuka. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Yule mama alitupa beseni lake, akanidaka gauni, akanivuta hadi kwenye majani. Watu wakasimama kwa mbali wakipiga kelele: "Muache! Usiguse povu, utaambukizwa!" Kwetu wengi bado wanaamini hivyo, kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe umeupata. Yeye akanilaza ubavu, akanifuta mdomo kwa kitenge chake. "Basi niupate," akawajibu. "Nyie endeleeni kutazama!"

Nilipofumbua macho alikuwa ameniinamia, kakasirika kwelikweli. "Dawa umemeza?"

Nikatikisa kichwa. Nililia kwa aibu.

"Kwa sababu ya utani wangu?"

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Akakaa chini kwenye vumbi.

Kesho yake alinisindikiza kliniki, wakaanza kunibadilishia dawa. Tuliporudi barabarani tukakuta wauzaji wamehamisha meza zao, wameiacha yake peke yake. Wanasema si mimi tena niliye mgonjwa, ni yeye. Hakuna anayechangia naye chai sasa. Anakunywa na mimi, kikombe kimoja, na bado ananitania fizi. Nacheka, lakini roho inaniuma.