Ncha ya Pili ya Uzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Fundi Mkuu wa karakana ya mabango, jirani na stesheni ya reli hapa Mpanda, alinipa ncha ya uzi uliopakwa unga wa chaki, naye akaenda na ncha ya pili hadi mwisho wa ukuta. Tukaukaza, akaufyatua, pap! Ukabaki mstari mweupe ulionyooka. Huko ndiko kupiga uzi, na herufi zote husimama juu ya mstari huo.

“Binti, vuka barabara,” aliniambia nilipomaliza bango langu la kwanza. “Bango ni la mpita njia. Ukilisogelea hivyo unajiandikia mwenyewe.”

Baadaye nilihamia halmashauri, nikachora alama za barabarani chini ya Bwana Ujenzi, mtu wa kufoka asubuhi na kucheka mchana. Kisha nikajitegemea. Ndipo kampuni za simu zikaja na rangi za bure. Mwenye duka anapakiwa ukuta mzima, chapa yao juu, halipi kitu. Nani angeniita mimi? Niliumia sana. Wenzangu walirudi shambani. Mimi nikabaki na vibao vya vinyozi, uzi nikiufunga kwenye msumari, maana sikuwa na mtu wa kunishikia.

Sasa njooni muone kata yetu ya Kashaulili! Vijana wachoraji wameamka, na kiongozi wao ni Jovina, binti ambaye babu yake alikuja kutoka Burundi. Alibisha hodi kwangu na wenzake.

“Shikamoo Bibi. Kuchora tunajua, ila herufi zetu zinapanda mlima. Tufundishe.”

Nilifurahi nusura niwakumbatie wote kwa pamoja.

Mwenye duka la zana za kilimo, mkabala na soko, alikubali kutujaribu. “Wakala wa simu anakuja kesho na rangi yake,” alisema. “Nyie mkinivutia wateja, ukuta wenu. Mkishindwa, anapaka.” Tulijua kwamba tukiukosa ukuta ule, hakuna duka jingine litakalotuamini.

Jovina alichora maksai wawili wakivuta plau, udongo ukipinduka nyuma yao. Mimi na yeye tukapiga uzi, herufi zikatulia. Wa bajaji wakapunguza mwendo kutazama. Mwenye duka akakunja uso.

“Ng'ombe wazuri, Bibi. Lakini mimi siuzi ng'ombe.”

Nikamshika mkono, tukavuka barabara. Tulikuwa bado tunabishana pale aliposhuka kwenye bodaboda mzee mmoja na gunia lake. Akasimama mbele ya ukuta, akainama kuitazama plau, akaita kwa sauti, “Wenyewe wapo? Nimetoka Kabungu, yangu imevunjika. Nipeni kama hii!”

Mwenye duka alinikatiza, akavuka mbio. Tulimsikia akiwa mlangoni, simu sikioni: “Kaka, ile ndoo yako ya rangi usije nayo. Ukuta una wenyewe.”

Jovina akapiga vigelegele, soko likaitikia. Nami nilipiga, uzee nikauweka pembeni.

Nimestaafu kweli. Brashi siigusi tena. Lakini saluni wameshatuita, na fundi cherehani, na mama wa mgahawa anayetaka sahani ya wali na kuku ukutani. Leo asubuhi Jovina kapiga simu: “Bibi, njoo ushike ncha.”

Natoka sasa hivi. Misumari nimeiacha nyumbani.