Sina la Kusema Juu ya Mtu Yeyote

Mwanamke ninayemwandika hapa amezisoma kurasa hizi kabla yako. Alifuta sentensi mbili, kisha akanichagulia kazi ya kumpa, kwa kuwa kazi yake halisi ingemtambulisha. Kwa hiyo hapa ni fundi wa nguo. Utaniwia radhi ukiona cherehani yake haisikiki sana.

Alikuwa mteja wangu katika ofisi ndogo ya ushauri ninakofanya kazi, Kimihurura, hapa Kigali. Alikuja kwa ajili ya hofu iliyokuwa ikimshika ghafla: moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, pumzi inagoma, na anaketi popote alipo asije akaanguka. Tulizungumza Kiswahili. Mimi nilikulia Tanzania, na yeye ametoka katika familia ya Waislamu wauza vitambaa waliokizungumza nyumbani tangu enzi za babu zao. Aliniambia kwamba akisema kwa Kiswahili anajisikia yuko mbali kidogo na ukweni, wanakozungumza Kinyarwanda. Mume wake peke yake ndiye aliyejua kwamba anakuja kwangu.

Kisha mume huyo akajenga Masaka, pembezoni mwa jiji, nyumba chache tu kutoka kwangu.

Kanuni zetu wanasaikolojia zinatutaka tusiwe na uhusiano wa pili na mteja. Si kwamba tunaringa. Mtu akishakufungulia mambo yake ya ndani, asianze kuwaza atakutana nayo wapi tena: kazini, kwenye kikoba, harusini. Lakini hakuna kanuni inayomzuia mtu kununua kiwanja. Nilipomweleza msimamizi wangu, ambaye yuko katika kazi hii miaka mingi kuliko mimi, aliniuliza swali moja tu: "Yeye mwenyewe anasemaje?"

Yeye alisema tusalimiane kama majirani, maana hapa kwetu kumpita mtu kimya ni kumtukana, na ya ofisini tuyaache ofisini. Tukaenda hivyo vizuri, hadi Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi.

Tulikuwa tumezibua mtaro asubuhi nzima, na sasa mtaa wote umekaa kwenye nyasi kwa mkutano unaofuata kazi, majembe yakiwa pembeni. Mume wa fundi wangu alikuwa safarini. Ni dereva wa lori. Mama yake, aliyekuja kukaa nao, aliomba kusema.

"Nataka mnishuhudie," alisema. "Mke wa mwanangu anaishiwa nguvu jikoni, moto unawaka, watoto wanatazama. Nataka niwachukue watoto twende kijijini hadi ieleweke ana nini. Baadaye msije mkasema nimewaiba."

Hakusema kwa ubaya. Mkwe wake alikuwa ameketi na wanawake wenzake, mtoto mdogo mapajani, akiangalia nyasi.

Mkuu wa mtaa akanigeukia. "Tuna bahati, daktari yupo hapa. Daktari, huyu anaweza kulea watoto au hawezi?"

Mimi si daktari. Kila mara nawasahihisha, na kila mara wananijibu, "Ndiyo, daktari."

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa zuri. Alikuwa anaendelea vizuri, na hakuna siku niliyopata kuwahofia wanawe. Lakini ningelisema, mtaa mzima ungejua nimelijulia wapi. Ningesema "hilo siwezi kulijibu," ningekuwa nimelisema vilevile, kwa sababu katika mikutano hiyo nilizoea kujibu mengi: mtoto anayekojoa kitandani, kijana asiyetaka shule. Nikinyamaza kwa huyu mmoja tu, kila mtu atajiuliza kwa nini.

Njia ilikuwa moja, kunyamaza kwa wote. Nikasimama.

"Nisikilizeni, majirani. Kuanzia leo sina la kusema hapa juu ya mtu yeyote anayetajwa. Awe amewahi kuja ofisini kwangu, awe hajui hata mlango wake. Nikisema 'huyu simjui' leo, na kesho nikakaa kimya kwa yule, si mtamjua yule? Kwa hiyo jibu langu litakuwa lilelile kwa kila mtu."

"Hata kwangu?" mkuu wa mtaa aliuliza.

"Hata kwako, mzee."

"Basi mke wangu hatalala leo," akasema, na watu wakacheka. Mke wake akamjibu kwamba yeye hahitaji daktari kujua mume wake ana nini.

Mzee mmoja fundi baiskeli, aliyeishi Kongo muda mrefu, hakuridhika. "Sasa elimu yako iko ya nini, dada? Tunakuuliza, unafunga kinywa."

"Ndiyo elimu yenyewe, baba. Sehemu yake kubwa."

Hapo fundi wangu wa nguo akainuka, mtoto begani.

"Naenda kwake," alisema. "Natibiwa hofu. Si pombe, si mashetani. Haya, muulizeni."

Wote wakanitazama. "Ni kweli, daktari?"

"Sina la kusema."

"Amesema mwenyewe!"

"Amesema yeye. Mimi sijasema."

Wakacheka tena, na yeye akacheka, kwa mara ya kwanza mchana ule. Huenda ulijiuliza kwa nini sikuitumia ruhusa ile. Mtu aliyebanwa mbele ya majirani, akitetea watoto wake, hawezi kupima vizuri anachoruhusu. Ruhusa ya namna hiyo unaisubiri ipoe, halafu unamuuliza tena mkiwa wawili. Mkuu wa mtaa alisema jambo hili lingoje baba wa watoto arudi, na mama mkwe akakubali shingo upande.

Ofisini nilimuuliza anataka mama mkwe ajue nini hasa. "Kwamba naweza kulea wanangu. Mengine nitasema mwenyewe, nikipata nguvu." Nikamwambia kanuni zinatufaa wote wawili hapo: natoa kile alichoruhusu na kinachohitajika, basi, na yeye akiwepo anasikia.

Walikuja pamoja, mume amerudi. Mama mkwe aliketi kwenye ncha ya kiti na mkoba wake magotini. Nikamwambia sentensi ile: mkwe wake anaweza kulea watoto, na hofu inayompata haiwaweki hatarini.

"Na usiku," akaniuliza, "ninapomsikia analia, anakuwa na nini?"

"Mama, yupo hapa. Muulize yeye."

Alinitazama kama niliyemkosea adabu. Kisha akageuza kiti, taratibu, hadi magoti yao yakakaribiana.

"Unakuwa na nini, mwanangu?"

Alichojibiwa kipo kwenye zile sentensi mbili zilizofutwa. Watoto hawakwenda kijijini. Bibi yao ndiye aliyebaki Masaka, na hadi leo tukikutana kwenye umuganda ananisalimu kwa mikono miwili, kisha anawaambia walio karibu wasijisumbue kuniuliza kitu.