Paka Aliyepimwa kwa Kilo

Mama Mkubwa alikuwa na mkono wa birika. Simsengenyi, alikuwa akijisifia mwenyewe. Ndiye dada wa mama yangu aliyenilea, mjane, muuza nafaka wa Majengo, na miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji kidogo akaruhusiwa kwenda Kondoa kununua mtama na kuuleta mjini, hakungoja kuambiwa mara mbili. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kikawa ghala. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, mwenye mshahara usiofika tarehe ishirini, nikalala chumba cha nyuma na harufu ya karanga.

Penye nafaka pana panya, na kwa ajili ya panya tulikuwa na paka, dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika. Mama Mkubwa alimwita mlinzi, na kila Ijumaa alimnunulia vichwa vya perege wa Mtera. Kwa mtu wa mkono wa birika, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi.

Siku moja paka alirudi baada ya kupotea siku mbili, taya limevimba, ute unamtoka mdomoni. Mama Mkubwa akamshika ili amtazame kinywa, naye akamng'ata chini ya kidole gumba mpaka damu ikatoka. Juma hilohilo watu wa Chang'ombe walikuwa wameua mbwa mwenye kichaa. Jirani alipouona ule ute alilitamka neno hilo kwa sauti, wakati sisi wawili tulikuwa tunalikwepa.

Hospitalini walikiosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma sindano, wakasema kama nyingine zitaendelea au zitakoma itategemea hali ya paka. Kwa hiyo tukaenda kwa bwana mifugo, paka yumo ndani ya tenga la kuku.

Bwana mifugo alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alimwamkia Mama Mkubwa shikamoo, akachungulia tenga kwa mbali, kisha akafungua orodha ya malipo, maana mambo ya bure yalikuwa yamekwisha na kila ofisi ilikuwa na orodha yake mpya. Ng'ombe alikuwemo, mbuzi alikuwemo, kuku na mbwa pia. Paka hakuwemo.

"Nitamwandika kama mbwa," akasema.

"Paka ni nusu ya mbwa," Mama Mkubwa akajibu. "Mtazame. Hata robo hafiki."

"Mama, si suala la ukubwa. Kipimo cha uhakika kinafanyika maabara, Mpwapwa. Kuna ada, kuna barafu, kuna nauli ya mtu wa kupeleka." Akataja jumla. Ilikaribia mshahara wangu wa mwezi mzima. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nitaitafuta, akaongeza kwa sauti ya chini: "Na kinachopelekwa ni kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Cha paka, mama. Ugonjwa huu unatafutwa kwenye ubongo."

Mama Mkubwa akalivuta tenga likamgusa miguu.

Bwana mifugo aliliona hilo, akalegeza. "Kipo kipimo kingine, hicho hakina malipo. Mfungieni mahali salama, mtu asimguse, mumpime kila siku kwa siku kumi. Akiwa na kichaa, hazimalizi. Akizimaliza, basi hakuwa nacho siku aliyokung'ata, na wewe mama huna. Hapo mniletee majibu."

Mtu yeyote angeelewa kwamba kumpima huko ni kumtazama: anakula? anakunywa? anatembea sawasawa? Lakini asubuhi yake nilimkuta Mama Mkubwa ghalani, amelitundika tenga kwenye ndoana ya mzani wake wa kuning'iniza, amekaza macho kwenye mshale.

"Kilo tatu na robo," akasema. "Nimeshatoa tenga." Akaandika kwa chaki nyuma ya mlango.

Nilimweleza kwamba bwana mifugo hakumaanisha hivyo. Akanitazama kwa huruma. "Amesema mpime. Huu mwaka wa ngapi mimi napima? Wewe nenda kapige chapa."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mama huyu aliyejua kupokea gunia la lumbesa, lililofurika mpaka juu ya mdomo, kwa bei ya gunia la kawaida, kwa paka hakuiba hata gramu.

Siku ya pili mshale uliteremka kidogo. Siku ya tatu ukawa chini ya kilo tatu. Paka alikuwa amejikunyata pembeni mwa tenga, chakula hagusi. Siku ya kwanza nilikuwa nimecheka. Siku ya tatu sikucheka. Mimi pia nilikuwa na kipimo changu ambacho sikumwambia mtu. Nilikuwa nimesikia kwamba mwenye ugonjwa huo huogopa maji, basi kila asubuhi nilimwandalia Mama Mkubwa chai nikakaa namtazama akinywa. Alikunywa kikombe chote, akaniuliza namkodolea macho kwa nini, nina deni naye? Niliogopa sana. Naliandika wazi sasa kwa sababu wakati ule nilijifanya nimekasirika tu, nikawa namgombeza kwa ubahili wake.

Siku ya nne jipu la taya lilipasuka, na kwenye usaha, chini ya tenga, tuliona mwiba wa samaki wenye urefu wa nusu kidole. Ule ute wote ulikuwa wa huo mwiba. Jioni paka alilamba uji. Siku ya tano mzani ulisoma tatu kamili. Siku ya saba, tatu na robo. Siku ya tisa ulivuka hapo, na mlinzi wetu alikuwa anagombana na fito za tenga atoke akafanye kazi.

Siku ya kumi Mama Mkubwa alinitaka nizipige chapa namba zote kwenye karatasi safi, na juu yake niandike MAJIBU YA PAKA kwa herufi kubwa. Nikapiga. Bwana mifugo aliisoma, akaisoma tena, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akatulia, akamtazama paka kwa makini, akasema tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumletea majibu yaliyo wazi namna ile. Mwenye kichaa haongezeki uzito.

"Paka ni mzima," akasema. "Na wewe mama ni mzima."

Hospitalini nao wakasema sindano zikome. Tulipotoka nilitamani kukaa chini palepale barabarani nicheke. Mama Mkubwa alitangulia kwa haraka, tenga kichwani, moja kwa moja hadi kwa muuza vitambaa wa Majengo. Akatoa chini ya kanga yake kifurushi cha gazeti, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa bafta nyeupe, mpya.

"Nairudisha," akasema. "Haina kazi."

Mwenye duka akatikisa kichwa. "Mama, sanda hairudi dukani. Nitamuuzia nani?"

Ndipo nilipoelewa.

"Umenunua lini?" nikamuuliza.

"Alipoteremka chini ya kilo tatu."

"Pesa ya kipimo umekosa, ya sanda umepata?" Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka.

"Kipimo walitaka kichwa chake," akasema, naye hakupandisha sauti. "Na mshahara wako naujua. Sikutaka uje uzunguke mtaani na bakuli kunitafutia sanda."

Nililia mlangoni mwa duka la watu, hasira na nafuu pamoja. Mama Mkubwa akanifuta machozi kwa ncha ya ile bafta, akaninong'oneza niangalie nisiichafue, huenda mwenye duka akabadili mawazo.