Majina Kwenye Hogo

Fundi anachanganya jipsamu ya dari sebuleni kwangu, na harufu yake mbichi imenirudisha kwenye chumba cha kufungia hogo, mama kanishika mabega.

Nilikuwa nimeanguka kutoka ukuta wa shule, nikavunjika mkono wa kulia. Daktari aliuvuta, akaunyoosha, akauzungushia bandeji za plasta, zikakauka zikawa hogo gumu. "Mama, vidole vikivimba au vikifa ganzi, mrudishe saa hiyohiyo."

Jioni vikavimba. Mama aliponiuliza, nilivificha ndani ya kanga. "Viko sawa, mama." Kesho yake ilikuwa Jumatatu, na mie nilitaka darasa zima liniandikie majina kwenye hogo. Nililala nimeuma mto. Asubuhi wakaandika wote, hata mwalimu, nami nacheka, vidole sivisikii tena.

Hogo lilipokatwa baada ya wiki kadhaa, hakuna jina lililokuwa limefutika. "Haya, fungua kiganja," daktari akasema. Nikajaribu. Vidole vilibaki vimejikunja. Mama akaanza kuyasoma yale majina, moja moja, kwa sauti.

"Dada, nishikie mwiko kidogo," fundi ananiambia.

Naupokea kwa mkono wa kushoto, na kama kawaida, naomba radhi.