Pua ya Karakana ya Mrehani

Karakana nzima ilimwita Pua, naye hakukasirika, maana jina hilo ndilo lililomlisha. Walikamua mafuta ya majani ya mrehani kwa ajili ya watengeneza sabuni, na kwa miaka mingi waliyakamua kwa njia ya mkato. Majani yalilowekwa kwenye pipa la dawa ya kuyeyushia, ndugu wa damu wa petroli, kisha dawa ikafukuzwa kwa moto, yakabaki mafuta. Kama dawa imetoka yote au bado, mwamuzi alikuwa Pua. Alipaka tone mgongoni mwa mkono, akainama, akafumba macho, akasema "tayari" au "bado". Neno lake halikuwa na rufaa. Hata nyumbani alimjua aliyeingia kabla hajageuka.

Siku pua hiyo ilipokufa hakuna aliyejua. Asubuhi moja alikunywa maziwa yaliyochacha mpaka mumewe akamnyang'anya kikombe.

"Una nini wewe?"

"Mafua tu," akasema akicheka. Mafua hayo hayakuisha tena.

Kilichomwokoa kazini ni ujanja wake mwenyewe. Dawa ikiwa bado imo, tone hupoza ngozi linapokauka. Ikiisha, tone hulala tu, zito, lisilo na baridi. Basi aliinama vilevile, akafumba macho vilevile, ila sasa alikuwa akisikiliza ngozi. Hakukosea hata mara moja. Watu waliendelea kumsifu, na sifa zikawa zinamchoma.

Na huyohuyo ndiye aliyempigia bosi kelele waachane na dawa. Alianza siku mdogo wake, aliyefanya kazi pamoja naye, alipoanguka kando ya pipa akatapika mpaka akaishiwa nguvu.

"Maji tu yanatosha, bosi. Chemsha, mvuke upite kwenye majani, upoe, mafuta yaelee juu tuyachote. Hatuvuti sumu, na mtaro wetu hauui nyasi za watu."

"Tutaona," alijibu bosi kila mara, kama wajibuvyo watu wasiotaka kuona.

Mwishowe wanunuzi ndio waliomfungua macho: walikataa mafuta yenye dawa. Siku bosi alipotangaza kwamba mvuke unakuja, Pua alipiga vigelegele, kisha akavikatisha. Kwenye mvuke hakuna dawa, na bila dawa ngozi haina la kumwambia. Angeweza kusema ukweli palepale. Alimtazama mdogo wake akifagia mahali pipa lilipokuwa, anaimba, mashavu yamerudi, akaokota ufagio mwingine akajiunga naye. Kiti cha mwamuzi alikuwa anakipenda, na hakuwa tayari kukiachia.

Siku ya kwanza wote waliuzunguka mtungi mpya wa mvuke. Bosi alichota mafuta kwa kijiti.

"Ya kwanza ni yako, Pua. Si wewe uliyeitaka hii kitu?"

Akapaka, akainama, akafumba macho. Ngozi ilikaa kimya.

"Safi kabisa," akasema. "Kama jani lililochumwa sasa hivi."

Alipofumbua macho, fundi wa mabomba alikuwa ameziba pua kwa kola ya shati. Majani yalikuwa yamezama mpaka chini ya mtungi, yakaungua, na chumba kizima kilikuwa kinanuka masizi.

"Pua, unatutania?" bosi akauliza.

Mdogo wake akamshika kiwiko. "Dada, husikii harufu?"

Mtungi ukatiwa wavu wa kuyanyanyua majani, mafuta yakatoka mazuri, mvuke ukabaki. Yeye alihamishiwa kwenye kuosha chupa. Bosi hakumfokea, na upole huo ulimuuma kuliko matusi. Kiti alipewa mdogo wake. Jina nalo likahama bila mtu kuamua; yeye akarudi kuitwa mama fulani, kama wanawake wengine wote.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Nikuambie ili iweje? Sumu ile niliinusa kwa niaba yenu wote. Kuna aliyeniuliza imenifanya nini?"

Mdogo wake alilia. Yeye hakumbembeleza. Alikuwa na hasira naye, na alijua haikuwa haki, lakini hasira haikuondoka kwa kujua.

Jioni moja alikuwa jikoni akikatakata vitunguu, mgongo kuelekea mlangoni. Wanawe walikuwa uani, wakipiga kelele kwamba mama mdogo ananukia leo, ananukia mpaka barabarani. Aliendelea kukata, akimsubiri aingie.

"Dada, mbona hunikaribishi? Niko hapa muda mrefu."

Alishtuka, kisu kikamkata kidole. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, nguo zimejaa harufu ya mrehani ambayo hata jirani aliisikia.

"Siku nyingine piga hodi," akasema, akinyonya damu. "Piga hodi kama wageni."