Maneno Meupe Kwenye Tovuti ya Asali

Aibu hii nimeizungusha kichwani muda mrefu nikitafuta namna ya kuisimulia ili nionekane sina kosa. Namna hiyo haipo, kwa hiyo naisema kama ilivyokuwa, nanyi mcheke mkimaliza.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, nikazurura, nikapakia mizigo stesheni, nikachajisha simu za watu, na mwishowe nikaangukia Itigi kwenye kikundi cha wafuga nyuki. Walinipokea kwa sababu nilikuwa najua simu (au nilisema najua, na hakuna aliyenipima). Mwenyekiti wetu, Mama Neema, akanipa kazi ya kutengeneza tovuti ili wanunuzi wa mbali watuone. Nikajifunza kwa video, nikaitengeneza, na kweli mtu akitafuta asali ya Itigi tulikuwa tunatokea juu kabisa.

Kisha asubuhi moja nikatafuta nikakuta kikundi cha ng'ambo ya reli kiko juu yetu. Sikulala vizuri. Nikaanza kuwashuku, nikahisi wamelipa mtu, nikamshuku hata jamaa anayeniuzia vocha kwamba anawapelekea siri zangu. Nikarudi kwenye video, na moja ikanifundisha ujanja: jaza kwenye ukurasa majina ya kila mahali watu wanapotafuta asali, halafu yapake rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, msomaji hayaoni ila mtambo wa kutafutia unayasoma. Nikaandika asali Rungwa, asali Kintinku, asali Tabora, nikarudia na kurudia mpaka kidole kikauma. Sikumwambia mtu. (Video yenyewe ilikuwa ya zamani, ujanja huo ulishakufa siku nyingi, ila hilo nililijua baadaye sana.)

Sasa muelewe jambo moja. Kikundi chetu kina sheria kali kuliko zote: asali yetu ni ya kichaka cha Itigi peke yake, na anayeleta ya kwingine akaichanganya anatolewa siku hiyo hiyo, asali yake haikusanywi tena na sisi.

Akaja mnunuzi kutoka Dodoma, dada Halima, mwanamke mpole anayeonja asali akiwa amefumba macho. Tulikaa wote kwenye stoo, ndoo zimepangwa, na kabla hajagusa kijiko akatoa simu. Akasema siku hizi hahangaiki na orodha za kurasa, kuna mitambo mipya inayoshindana na ile ya zamani, unaiuliza swali nayo inakujibu yenyewe kama mtu. Ameiuliza kuhusu sisi, nayo imemjibu kwamba tunauza asali ya Itigi, Rungwa, Kintinku na Tabora.

"Mimi nataka ya hapa tu," akasema. "Hizo nyingine zinaingiaje?"

Kila mtu akamwangalia jirani yake na ndoo ya jirani yake. Naapa maneno yangu meupe hayakunijia kabisa kichwani. Kilichonijia ni kwamba nimempata mwizi. Mzee Njiku, mfugaji wetu wa siku nyingi, binti yake ameolewa Rungwa, na wiki iliyopita nilimwona akirudi kutoka huko na ndoo imefungwa kwa kitambaa. Nikasimama (nani alinituma?) nikasema mtambo hauwezi kujitungia, lazima kuna mtu anachanganya, na wote tunajua nani anakwenda Rungwa.

Mzee Njiku hakukasirika, hilo ndilo linaloniuma. Akaniuliza taratibu, "Kijana, uliniona nikimimina?"

Nikasema niliona ndoo.

"Ilikuwa unga wa mtama."

Wengine wakaguna. Mama Neema akasema kwa huzuni kwamba sheria haimwangalii mtu usoni, na kama ni kweli mzee atatoka. Mzee akaomba jambo moja tu, asomewe hiyo tovuti, kwa sababu labda mtambo umekosea kusikia. Macho yake hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo dada Halima akaifungua na kuiambia simu isome kwa sauti.

Ikaanza vizuri. Karibuni, sisi ni wafuga nyuki wa Itigi, tunachuja kwa usafi. Nikawa natikisa kichwa kwa majivuno. Ukurasa unaoonekana ukaisha, nayo sauti haikuisha. Asali Rungwa, asali Kintinku, asali Tabora, asali Rungwa, asali Rungwa, asali Rungwa. Ilisoma kwa utulivu, kama msomaji wa taarifa ya habari. Dada Halima akatazama kioo, hakuna maneno. Akasogeza juu, akasogeza chini.

"Nani ameandika haya?" Mama Neema akauliza, huku simu ikiendelea.

Kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua tovuti. Nikasema ni mimi, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Utolewe wewe sasa," mama mmoja akasema kutoka nyuma, "na uende Rungwa unakokupenda."

Walicheka wote isipokuwa Mzee Njiku. Yeye alimchukua dada Halima akamwonyesha mizinga yake kichakani, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikafuata nyuma nimebeba ndoo tupu, miiba ikinichana, hakuna aliyeniambia pole. Dada Halima alinunua asali, lakini ya mzee peke yake, akasema ya wengine ataiangalia msimu ujao. Hapo hata walionicheka waliacha kucheka.

Maneno meupe nimeyafuta. Mtambo mmoja umeshajirekebisha, mwingine mpaka leo unasisitiza tunauza ya Rungwa, na kila asubuhi nauuliza nikiwa na wasiwasi kama mtu anayegusa jino bovu. Nimeapa sitaandika tena neno ninaloogopa lisomwe kwa sauti mbele ya watu. Na Mzee Njiku nikimpa shikamoo ananiitikia, ila kwanza anageuka kuangalia nyuma yake, kama vile kuna mzee mwingine ninayemsalimia.