Sindano za Mgongo wa Javan

Mume wangu alichapwa akiwa amedungwa sindano kutoka mabegani hadi visiginoni.

Aliyemchapa ni mimi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, Makongeni, nyumba za reli. Javan alikuwa fundi wa mabehewa. Kutwa anagonga misumari. Akirudi nyumbani, msumari ni mimi.

Siku moja mboga ya sukuma ilizidi chumvi. Aliniangusha jino kwa ngumi, akaongeza teke. Nikitema damu kwenye karai, akasema polepole, "Mama Beldina, Jumamosi nakumaliza."

Nilimwamini. Jirani yetu mmoja aliambiwa hivyo hivyo na mumewe, tukamzika.

Lakini lile teke lilimkaza mgongo. Asubuhi hakuweza kuinama afunge viatu. Nikampeleka kwa mama mmoja aitwaye Waruguru, aliyewahi kupika kwenye kambi ya wajenzi wa reli Tanzania, na daktari Mchina wa huko akamfundisha kutibu kwa kudunga sindano.

Waruguru aliutazama mdomo wangu. Kisha akamwonyesha Javan kitanda.

"Lala kifudifudi, Baba Beldina."

Akapapasa kando ya uti wa mgongo, akadunga. Nyuma ya magoti, kwenye mkunjo, akadunga. Kando ya vifundo vya miguu pia.

"Ukisikia uzito kama ganzi, sema."

"Nasikia."

"Basi ndipo penyewe. Sasa usitikisike. Ukijikaza, sindano inapinda ndani ya nyama."

Akanigeukia. "Mchunge. Naenda kuchemsha zingine."

Akaniwekea mwiko wa ugali mkononi, akatoka.

Nyayoni hakukuwa na sindano. Nikaanzia hapo.

"Wewe mwanamke, nikiamka..."

"Amka."

Akajaribu. Sindano ya goti ikapinda, akalia kama mbuzi wa Krismasi. Nikamshushia tena na tena, mpaka nyayo zikapasuka na mwiko ukakatika.

"Jumamosi utafanya nini, Javan?"

"Sitafanya kitu, mama. Haki ya Mungu."

"Sijasikia."

Akarudia, akilia.

Waruguru akarudi, akachomoa sindano mojamoja kwa upole. "Mgongo wa aina hii hukaza mtu akikasirika," akamwambia. "Ukikaza, mkeo akulete."

Nikatafuta pa kutupa kile kipande cha mwiko. Nyuma ya mlango kulikuwa na debe.

Limejaa vipande vya miko.

Na nje kwenye benchi, Gichuru wa nyumba za nyuma ameshika kiuno. Kando yake mkewe Teresiah, jicho moja limevimba hadi limefungika, anangoja zamu.

Jumamosi ilifika. Javan alikula sukuma ya chumvi, akasema ni tamu.

Kwa hivyo nyinyi waume wenye mikono myepesi ya kupiga, mkiambiwa mlale kifudifudi, ulizeni kwanza nani anabaki chumbani.